Mama, Nilikuwa Nafumba Macho

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimeketi juu ya godoro lililofungwa kamba, hapa mlangoni kwako. Pikapu tuliyokodi itafika saa sita. Mawingu yameanza kukusanyika kule juu barabara inakoanza kuteremka kuja Mai Mahiu, na kila lori likinguruma nadhani ni radi. Unanijua, mimi ndiye uliyesema naogopa hata kivuli cha kuku.

Tunahama, Mama. Nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujaona nyumba imenyamaza.

Tangu tukuzike pale kando ya ua nimeshika desturi yako. Mvua ikinyesha, asubuhi yake nazunguka nyumba nikiomba, kama ulivyofanya miaka yote. Unakumbuka tulivyokucheka? Mkweo Baba Shiru akikuona na fimbo yako na zile gambuti kubwa za mpira alikuwa akisema, "Leo tena Yeriko itaanguka." Nawe ulimjibu bila kusimama, "Hii haianguki. Naizunguka ndio isimame."

Mvua za msimu huu zimekuja vibaya. Kwa jirani yetu Mama Chebet ardhi ilipasuka, ikameza kona nzima ya mahindi. Baba Shiru akapiga simu kutoka Milimani anakopika kwa watu, akanisihi niwachukue watoto twende kwa dada yake kule Lanet. Nikakataa. Nikamrushia maneno yako: "Aliyetuweka hapa anatujua kwa majina." Akasema, "Mum alikuwa na imani yake, sawa. Lakini wewe uko na watoto wawili hapo." Nikamkatia simu. Niliona kuhama ni kukutukana, tena ni kumwambia Mungu usoni kwamba simwamini.

Basi nikazidisha maombi. Nilizunguka mara tatu, mara nne, nimefumba macho kama tulivyofundishwa Sande Skuli, mkono mmoja ukipapasa ukuta nisianguke. Nilikuwa naomba huku meno yanagongana. Ikifika zamu ya nyuma ya nyumba nilikuwa naharakisha, sijui kwa nini.

Jumanne mguu wangu wa kulia ukazama. Nyuma pale, karibu na banda la kuku. Ulizama mpaka gotini, Mama, na nilipouvuta ukatoka mtupu, gambuti ikabaki huko chini. Nililala kwenye matope nikiita jina lako badala ya jina la Mungu, anisamehe.

Nilipopata nguvu nikaenda kuchukua fimbo yako nyuma ya mlango. Nikadunga. Ikaingia mpaka kwenye kishikio. Nikasogea hatua moja, nikadunga tena, ikaingia. Ulikuwa ufa uliofichwa na nyasi, nikaufuata hivyo hivyo, mpaka ukanifikisha pale jiko letu la zamani lilipokuwa.

Hapo ndipo nikaketi chini. Nilikumbuka siku uliyoamka ukasema, "Mungu amesema jiko lihame." Tulibeba mafiga na masufuria tukikucheka, tukadhani ni uzee. Kumbe ulikuwa umedunga fimbo pale, ikazama. Nilikuona maisha yangu yote ukitembea na kuomba, ukidunga ardhi kila hatua, ukiangalia chini kama mtu aliyedondosha sindano, na sikuwahi kujiuliza unatafuta nini. Mama, wewe hukuwa unafumba macho hata siku moja. Ulikuwa unamwomba Mungu na papo hapo unaangalia anakuonyesha nini.

Nilikukasirikia kidogo, niseme ukweli. Kwa nini hukuniambia fimbo ni ya nini? Au uliniambia, na mimi nilikuwa nacheka. Nimewatembeza wanangu juu ya shimo wiki tatu nikiita hiyo imani.

Nilimpigia Baba Shiru nikamwambia, "Tafuta gari." Kabla ya jioni akawa amepata hii pikapu.

Usiwe na wasiwasi na pale ulipolala. Jana nimedunga kutoka mlangoni mpaka kwako, hatua kwa hatua, na hapo pote ni pagumu. Lakini mimi nitakuwa na wasiwasi tu, nitafanyaje. Nina wasiwasi hata na Lanet. Nawaza mvua ya huko, na nyumba ambayo si yangu, na wewe kubaki hapa peke yako. Naomba, halafu naogopa, halafu naomba tena. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwako. Ulionekana umetulia sana.

Fimbo yako siibebi. Nimeichomeka pale ufa unapoanzia, nikaifunga kile kitambaa chako chekundu cha kichwa, ili wanaokata njia kwenda kuchota maji waione. Mama Chebet ameahidi kuiangalia. Nitajikatia nyingine huko niendako.

Naisikia pikapu ikipinda kona. Lala salama, Mama wangu. Jua likirudi nitakuja kukupalilia. Na mvua ya kwanza ikinyesha Lanet, asubuhi nitavaa gambuti nilizoazima, nizunguke nyumba ya wifi nikiomba kwa sauti, majirani wacheke wakitaka. Macho nitayafungua.

Binti yako,
Mama Shiru