Fedha za Paa la Klabu

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mjomba hamjambo, na kile kikohozi chako kimepungua. Mimi ni mzima. Baba naye ni mzima, kwa maana kwamba anaenda kazini na anarudi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi. Kuta zetu ni za mbao, baba anasikia hata nikimeza mate. Barua nitakuwa namwachia dada wa duka la dawa. Amekubali, wala hakuniuliza kitu.

Tangu uondoke najaribu kuelewa. Baba anasema hakumshtaki kaka yako, ameshtaki kamati ya klabu. Anasema wachapaji wenzake wamechanga fedha za paa miaka mitatu, na bado wanacheza drafti huku ndoo za maji ya mvua ziko katikati ya meza. Alipoomba mkaguzi wa hesabu, mjomba alimjibu hapa hapa kwetu, tukila: "Shemeji, mimi mwenyekiti wenu nilisoma hesabu mkutanoni, mkapiga makofi. Unataka nini tena, niwachezee na ngoma?" Wewe ulicheka. Mimi pia nilicheka kidogo. Baba hakucheka, na sisi hatukumwangalia.

Utarudi lini?

Mwanao

*

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kikohozi kimekwisha. Mjomba wako anakusalimu, anauliza kama siku hizi unaongea au maneno bado umeyaweka akiba.

Sikuondoka kwa hasira. Karatasi ya mahakama ilimfikia kaka nikiwa nimekaa naye sebuleni. Aliisoma, akanipa niisome, akaniuliza kama nilijua. Nilijua. Nimelala chumba kimoja na mtu aliyekuwa anaiandaa, na sikumwambia kaka aliyenilea. Nikaona siwezi kurudi nyumbani jioni ile kana kwamba nimetoka sokoni.

Nitarudi siku baba yako atakaposema mwenyewe kwamba kaka yangu si mwizi. Aje aseme. Akishindwa kuja, aandike. Mwandiko wake ni wa kuku, najua, basi akutajie wewe uandike, kama ulivyomwandikia malalamiko yake ya klabu. Sidai zaidi ya hapo.

Kula vizuri.

Mama yako

*

20 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za afya? Sisi tupo.

Nilikuona mahakamani, ulikaa upande wa mjomba. Sikuja kukusalimu kwa sababu watu walikuwa wengi. Nisamehe.

Sijui kama kule nyuma mlisikia vizuri. Hakimu amesimamisha kamati, ukumbi wa klabu umefungwa, na mahakama ndiyo itakayomteua mkaguzi. Gharama zote zitoke kwenye mfuko wa klabu. Baba alitikisa kichwa kukubali.

Ulikuwa umeshatoka mjomba alipomkuta baba kwenye korido. Akamwambia, "Shemeji, mdaiwa wa kwanza anaomba umsogelee benchi na yeye akae." Baba akasogea. Walikaa bega kwa bega, kila mmoja akitazama viatu vyake. Nilikuwa nimesimama karibu, nikasema moyoni, mmoja wao atasema sasa hivi. Halafu wakili akamwita mjomba.

Nyumbani nilimuuliza baba, "Tumeshinda?" Akasema, "Chai iko wapi?"

Mwanao

*

9 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Umekaa kimya muda mrefu, natumaini si kwa ugonjwa.

Najua mjomba ameshakwambia, lakini nataka usikie na kutoka kwangu. Jana ripoti ya mkaguzi ilisomwa. Fedha za paa zilikuwepo benki, zote. Mjomba hakuchukua hata ya kununulia sukari. Mkaguzi ameandika kwamba risiti hazikutunzwa vizuri, na kwamba mwenyekiti alishindwa kuchagua fundi wa paa kwa kuogopa lawama. Nadhani ndiyo maana alikataa kukaguliwa. Aliona aibu ijulikane kwamba miaka yote hiyo alikuwa anaogopa tu. Mimi namwelewa.

Na sasa fedha hizo hazipo. Amelipwa mkaguzi, wamelipwa mawakili wa pande zote mbili. Wanachama wanasema bora klabu ivunjwe, ukumbi arudishiwe mwenye jengo.

Leo nilidhani baba anakuja kwenu. Alinyoa ndevu, akavaa viatu, akafika barabarani, akasimama. Kisha akarudi. Nikamwambia, "Baba, nenda tu." Akasema, "Mimi sikusema mwizi. Mimi nilisema hesabu." Akavua viatu.

Mwanao

*

15 Agosti

Mke wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima wa afya. Mwandiko huu ni wa binti yetu, maneno ni yangu.

Nimekosa. Kaka yako si mwizi, na nilipaswa kulijua hilo bila kuambiwa na mkaguzi. Nyumba imepoa bila wewe. Naomba urudi. Naona aibu kuja, ndiyo maana nimeomba niandikiwe.

Mumeo

*

24 Agosti

Mama,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaiitikia.

Ile barua niliiandika mimi. Baba hakujua. Nilifikiri ukishaingia ndani tu, mengine yatajipanga.

Juzi ulipokuja na kufungua mlango, baba alikuwa anakula amesimama, siku hizi anakula amesimama. Alifurahi, mama. Nilimwona, kijiko kilibaki hewani. Lakini hakujua aseme nini, akauliza, "Umefuata vitu vyako?" Hakusema kwa ubaya, aliogopa tu. Ukamtazama, ukanitazama mimi, ukasema, "Ndiyo, nimefuata vitu vyangu." Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo kabisa. Na baba akakusaidia kufunga mzigo.

Ulipoondoka nilimwambia ukweli. Hakufoka. Aliniomba nimtajie nilivyoandika, nikamtajia neno kwa neno. Akasema, "Umeandika vizuri," akaingia chumbani.

Naomba unijibu hata mstari mmoja.

Mwanao

*

30 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, si kwa kukukasirikia.

Nilijua ni wewe tangu salamu. Miaka ishirini baba yako ananiita "mama mtu". Huyo "mke wangu mpendwa" sijawahi kukutana naye. Nilikuja hivyo hivyo. Nilidhani labda ulikuwa unaandika mezani, akapita, akaona, akakuacha upeleke. Hiyo ingenitosha.

Mjomba wako hatoki tena. Wachapaji wakipita hapa nje wanapunguza sauti, naye anawasikia wanavyoipunguza. Anakaa ameupa mlango mgongo. Siwezi kumwacha, na huko nyumbani hakuna aliyeniita isipokuwa wewe. Usijibebeshe jambo hili, ulifanya walichoshindwa watu wazima. Lakini usimwandikie tena mtu maneno ambayo hajayasema.

Mashati mawili ya baba yako yaliingia kwenye mzigo wangu siku ile tulipokuwa tunafunga. Nimeyafua na kuyapiga pasi, nimemwachia dada wa duka la dawa. Kayachukue kabla hajafunga Jumamosi.

Akiuliza, mwambie uliyapiga pasi wewe.

Mama yako