Njia Tatu Tupu za Kaseti ya Mama

Yaya Selestini, kaka yangu mkubwa,

Nilitaka kukutukana kwenye kilio chako, lakini watu walikuwa wengi, na marehemu hatukanwi mbele ya wageni. Sasa wageni wamerudi kwao, viti vya kanisa vimerudishwa, na mimi nimepata karatasi. Sikiliza. Kwa mara ya kwanza huwezi kuniambia ninyamaze kwa sababu unarekodi.

Nianze na habari, usije ukasema dada yako hana adabu. Meza yako ya kutengeneza radio pale soko la Kashikishi imechukuliwa na mtu wa kuchaji simu. Mtu mwema. Hagombani na wateja, wala hamwambii mama wa watu kwamba radio yake ina akili kumshinda. Mwenye nyumba alidai chumba chako kabla udongo wa kaburi haujakauka, kwa hiyo vitu vyako vyote viko kwangu. Ninalala nimepakana na waya. Jolie, binti yangu, amekanyaga kinanda chako na kung'oa kitufe kingine. Sikumgombeza.

Na mashine yako ya kaseti iko juu ya kabati langu, inaniangalia.

Niliichukia tangu tulipovuka kutoka Congo kuingia Zambia. Kila mtu alibeba unga, sufuria, mtoto. Wewe ulibeba mashine ya kurekodi, umeifunga kwenye blanketi moja tulilokuwa nalo, na mama akatetemeka kwa baridi mpaka Chienge. Baba tulikuwa tumemfukia siku mbili kabla, kando ya njia, haraka haraka, bila kilio, bila hata mtu wa kuimba. Tulipofika, ulichofanya kwanza ni kulifungua blanketi na kupangusa vumbi kwenye vile vitufe. Mama alicheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijaona cha kuchekesha.

Kule Mantapala, kambini kwa wakimbizi, tulipewa shamba. Wenzako walilima mihogo, wewe ulilima makelele. Betri ya sola iliyokuwa ya taa ikawa ya mashine. Ulipiga kifuniko cha sufuria mbele ya mikro, kile kipaza sauti chako, ukakipitisha kwenye kile kisanduku chako cha mwangwi mpaka kikalia kama radi. Uliwafukuza kuku. Ulimwomba mama Feza, jirani yetu, aache kutwanga sombe yake, majani ya mihogo, dakika kumi, na yule mama, kwa huruma tu, akaacha. Watu walisema Selestini ana wazimu wa umeme. Nilikutetea, Yaya. Hilo hukulijua. Nilikutetea nje, nikakugombeza ndani.

Ulinifundisha kazi ya mashine yako bila mimi kuomba. Utepe mmoja, njia nne. Njia ya kwanza unaweka sauti, ya pili kinanda, ya tatu ngoma. Zikijaa, unazimimina zote tatu kwenye ile ya nne, halafu unafuta zile tatu, unapata nafasi upya. Lakini ukishamimina, umemimina. "Chumvi ikishaingia mu sombe, Mado, hautaiondoa tena," ulisema, na ulikuwa umejaa furaha, utadhani umevumbua chumvi mwenyewe.

Kisha ukamrekodi mama.

Siku hiyo mlinituma sokoni, nyinyi wawili. Niliporudi, mama alikuwa ameketi mbele ya mikro na kitambaa chake kizuri kichwani, macho mekundu, na wewe ulikuwa unaandika jina lake kwenye kaseti. Nikaomba kusikia. "Haiyaisha, Mado. Ngoja kwanza." Nikangoja. Mvua zilipita, mama akaugua, mama akafa. Nikaomba tena. Sikutaka muziki wako, nilitaka sauti yake tu, nirekodi kwa simu yangu, nimsikie ninapolima. "Haiyaisha." Tukahamia Kashikishi, nikawa naanika chisense, wale dagaa, kando ya ziwa, nikaomba. "Haiyaisha." Hata hospitalini, kifua kimekubana, unavuta pumzi kwa kazi, nilikushika mkono nikasema, Yaya, nipe basi sauti ya mama. Ukatikisa kichwa. Ukafa kesho yake. Ni mtu gani anamnyima dada yake sauti ya mama yao hali mguu wake mmoja uko tayari kaburini?

Sasa sikia aibu uliyoniletea. Kwenye kilio, waimbaji wa kanisa walisema, marehemu alikuwa mtu wa muziki, tumchezee kazi yake. Wakachukua kaseti ya juu kabisa, na ilikuwa ile yenye jina la mama. Wakaiweka kwenye radio ya kanisa. Mimi nilikuwa jikoni nasonga bukari, ugali wa wageni, sikuwaona. Wangeniuliza ningewaambia, maana mimi na wewe tulijua: mashine yako inakimbia mara mbili ya radio, na inajaza utepe wote kwa upande mmoja. Radio ya kawaida inasoma nusu tu, na ukigeuza kaseti, inasoma nusu nyingine kinyumenyume.

Upande wa kwanza ukatoa upepo mtupu. Watu wakangoja na nyuso za heshima. Wakageuza. Ikatoka sauti nzito, ya polepole, inayorudi nyuma, kama ng'ombe anayelia chini ya maji. Wanawake wakapiga kelele. Pasta akainuka, akaitoa kwa kitambaa, hakutaka kuigusa. "Iko na bademoni mu hii kaseti. Tuichome." Na wenzake wakaitika, tuichome, tuichome, wakaelekea jikoni kwenye moto wangu.

Yaya, nilimnyang'anya pasta kaseti mkononi, mbele ya watu wote, na mwiko wa bukari nimeushika. Nikaiweka kifuani. Nikamwambia, hiyo ni sauti ya mama yangu, anza kunichoma mimi. Tangu siku hiyo kanisani nakaa benchi peke yangu. Hiyo pia iandike kwenye jina lako.

Nilingoja nibaki peke yangu, nikaishusha mashine. Mkanda wake wa mpira ulikuwa umelegea. Nikakata pete kwenye mpira wa baiskeli, ulivyonifundisha, nikaufunga. Nikaweka masikioni vile visikizio vyako vinavyonuka jasho lako. Nikafungua njia ya kwanza. Tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu, tupu. Hapo nilishaelewa. Nikafungua ya nne.

Ulimmimina mama.

Yuko ndani, chini ya kinanda chako, nyuma ya vifuniko vyako vya sufuria, chumvi ndani ya sombe. Anaimba na mimi siwezi kumtoa. Nilizungusha kila kitufe. Nikipunguza wewe, anapungua na yeye. Mahali pamoja tu, katikati, ngoma yako inasimama kidogo kabla ya kugeuka, na hapo mama anavuta pumzi. Pumzi moja. Nimerudisha utepe pale mpaka nikaogopa utakatika. Miaka yote ile ya kuomba, na ulichoniachia cha mama peke yake ni pumzi.

Nilikutukana, Yaya. Kwa Kiswahili, kwa Kibemba, kwa Kifaransa kile cha baba. Jolie alitoka nje, akakaa na majirani.

Asubuhi nikapanda gari kwenda Mantapala kwa mama Feza, kwa sababu nilihitaji mtu wa kukutukana pamoja nami. Mama Feza alinipokea, akanipa maji, akasikiliza yote. Halafu akaniuliza ni wimbo gani. Nikamwimbia kipande nilichoweza kushika. Akaweka kikombe chini.

Ulikuwa wimbo wa kilio. Mama alikuwa anamlilia baba. Baba ambaye hakupata kilio, baba wa kando ya njia. "Ule wimbo hauimbwaka peke yake," mama Feza akasema. "Kama hakuna mutu wa kuitikia, unaita kilio kingine mu nyumba." Mama alikuwa anaogopa hilo. Ndugu zetu wametawanyika, wengine ng'ambo, wengine hatujui, nani angeitikia? Kwa hiyo alikuomba wewe, mwenye mashine. Akakuapisha usiache sauti yake peke yake kwenye utepe hata kidogo, ndiyo maana ukammimina. Na akaongeza, mama Feza alikuwapo akisikia: "Usimupatie Mado mbele haiyaisha. Atabasikilizisha batu ku soko."

Basi nimekasirika na nyinyi wawili sasa. Mlikaa mle ndani mkamlilia baba yangu, mimi mkanituma kununua nyanya. Mwambie mama nimesema hivyo. Ni kweli ningewasikilizisha watu sokoni, lakini si ninyi wa kulisema.

Mama Feza akaniuliza kama hukuniita nije kuitikia. Nikasema hapana, hakuniita hata siku moja. Nilisema haraka, na nikakasirika kwamba ameuliza.

Lakini kwenye gari la kurudi nilikuwa nimebanwa dirishani, na ikanijia. Uliniita, Yaya. Uliniita kule Mantapala mama angali hai, na tena hapa Kashikishi, umesimama pale nilipotandaza chisense mchangani, viatu mkononi. "Kuya, Mado. Niko na njia tatu. Ukiimba mara tatu, utakuwa kilio kizima." Hukuniambia kilio cha nani. Mimi nilidhani ni mchezo wako mwingine wa vifuniko. Nikakuambia, mbele ya wanawake wenzangu, nenda ukaiimbie mashine yako, labda itakupikia. Wakacheka wote. Na wewe ukavaa viatu ukaondoka. Hukuniita tena, na mimi nikaendelea kukuuliza kwa nini haijaisha.

Kwa nini hukusema? Neno moja tu. Ungesema, ni ya baba. Ningeacha samaki wakaoza pale pale mchangani. Uliweza kuzungumza na waya kutwa nzima, ukashindwa kuzungumza na dada yako. Ulinisusia, Yaya, na kwa ubishi wako baba amekaa miaka yote hii bila kilio, na mama akafa akingojea uitikio ambao mimi nilikuwa ninao kooni. Nina hasira na wewe zaidi kuliko kabla sijajua. Hapo kabla nilikuwa na hasira na mwizi. Sasa nina hasira na mtu aliyekuwa ananingoja, na hiyo haina pa kuipeleka.

Nimeamua hivi. Jumamosi mama Feza anakuja. Atamchukua Jolie, atanyamazisha kuku, yeye anajua kazi hiyo. Nitavaa visikizio vyako, nitabonyeza kitufe chekundu, nitamwitikia mama kwenye njia ya kwanza. Kisha ya pili. Kisha ya tatu. Nitaimba kwa nguvu, na kinanda chako kikifunikwa, pole. Nikikosea sitarudia, kwa maana kwenye kilio hakuna anayerudia. Baba ataliliwa na mama, na mama ataitikiwa, hata kama waitikiaji wote ni mimi.

Usidhani nimekusamehe. Sijakusamehe, na sijui ni lini. Lakini wewe pia ulizikwa na waimbaji walioshtushwa na kaseti, wimbo wako haukufika mwisho, na dada yako alikuwa ameshika mwiko. Kwa hiyo nakuahidi: njia ya kwanza na ya pili ni za baba. Ya tatu nitakapoitikia, nitalitaja jina lako.

Kwaheri, Yaya. Nitakulilia, hata kama bado nakutukana.

Dada yako,
Mado