Holden ya Baba: Kazi au Banda

Jumatatu, 14 Januari

Nimeamua. Holden ya Baba inahifadhiwa. Kwisha maneno!

Usajili wake unaisha tarehe 31. Nikiulipia kamili, ni pikapu ya kazi kama nyingine. Nikiipeleka klabu ya magari ya zamani, inapewa namba za klabu: siku arobaini na tano tu barabarani kwa mwaka, na mzigo wa kazi haibebi. Miaka thelathini na saba, na rangi bado ni ile ya kiwandani, kijani cha majani ya mkaratusi. Viti havijapasuka. Hakuna nyingine kama hii wilaya nzima ya Wimmera — na nimetafuta. Mimi sikosei kuhusu magari. Kuhusu waume nilikosea, mara moja.

Baba alikuwa akisema akiba haiozi. Namtii.

Jumatano, 16 Januari

Ile nyeupe, pikapu yangu ya kazi, imezimika njiani na nguzo arobaini za uzio mgongoni. Fundi anasema ni kidude cha umeme, kinatoka Melbourne, wiki mbili. Gari la miaka mitatu! Kabla hajalivuta nikamwambia anishushie kwanza tangi la maji ya kuzimia moto. Sasa limesimama bandani kwa miguu yake ya chuma, gari huingia chini yake kulibeba. Januari, msimu wa moto, huku mtu hatembei bila tangi, nami nina tangi lisilotembea.

Jirani yangu Trev ndiye anayesubiri uzio ninaomjengea. Kauliza, kwani ile ya kijani haina magurudumu? Nikamwambia ile si ya kazi, ile ni ya maonyesho. Kacheka mpaka kofia ikaanguka. Akasema basi, dada, senyenge tuzipange kwenye kabati la vyombo. Tumetumia pikapu yake. Inanuka kondoo na mbwa, na mbwa ndiye aliyekaa mbele.

Jumamosi, 19 Januari

Mzee Alwyn, katibu wa klabu, kaja kuikagua. Soksi nyeupe, tochi mfukoni. Ana miaka sabini na minane na kajilaza chini ya gari akatoka bila kusaidiwa. Macho yalikuwa na machozi. Anasema ni vumbi.

Kanionyesha kitabu cha safari. Unaandika tarehe kwa wino KABLA ya kuwasha injini. Ukiwasha kwanza ukaandika baadaye, umeendesha gari lisilosajiliwa, faini yako. Kuna mwanachama aliandika Jumapili yake mapema, mvua ikanyesha, hakutoka hata getini. Siku ikahesabiwa vile vile. Bado wanamcheka.

Kisha tukanyanyua mkeka wa mpira kwenye bodi ya mizigo nyuma. Hakuna mchubuko. Hata mmoja! Alwyn akapiga makofi. Mimi nikaurudisha mkeka.

Bodi ya tani moja, haijawahi kubeba hata gunia. Baba aliinunua ukame ukianza, akasema ataitia kazini mambo yakinyooka. Kondoo na ngano alivibeba kwa lile gari kuukuu lililotoboka sakafu. Holden ilikwenda kanisani na mazishini. Mambo yalinyooka, tena si mara moja. Hakuitia kazini. Nimeona uchungu ambao sikuutarajia. Akiba haikuoza, Baba, ila wewe ulikufa.

Hata hivyo naihifadhi. Sigeuzi neno kwa sababu ya mkeka.

Jumatatu, 21 Januari

Kirsty kaja kutoka Horsham na keki ya limau. Binti yangu haoki bila sababu, kwa hiyo nilipoona keki nilijua kuna jambo.

Kaona nyumba karibu na kwake. Vyumba viwili, hakuna ngazi. Anasema, Mama, una miaka sitini na minne, uza mashine ya kuchimbia nguzo, uuhifadhi huo mgongo. Uuhifadhi! Neno lile lile. Nikamuuliza, na mimi nitapewa siku arobaini na tano za kutoka? Hakuelewa. Akasema kila akileta jambo la maana naleta mzaha. Kweli. Akalia kidogo.

Nampenda mno, na sihami. Nimemwambia la pili tu. Ningeanza na la kwanza.

Jumatano, 23 Januari

Nimesaini fomu ya Alwyn ya kujiunga na klabu. Ipo kwenye friji, chini ya sumaku. Posta ni Ijumaa nikienda mjini. Maonyesho Jumapili. Nimeipiga Holden nta mara mbili, inang'aa mpaka nimejiona mikunjo ya shingo.

Trev kapita. Kasema nzuri kama bibi harusi, lakini ndoa yenyewe lini? Nimemrushia kitambaa. Nilipobaki peke yangu nikakaa kwenye usukani, injini imezimwa, kama mjinga. Nikakumbuka ile nyumba ya Kirsty isiyo na ngazi. Nikatoka haraka.

Saini ni saini lakini.

Ijumaa, 25 Januari

Saa tano asubuhi. Nyuzijoto arobaini na tatu, upepo wa kaskazini. Marufuku kuwasha moto jimbo zima. Posta siendi. Siku kama hii mtu haachi nyumba yake.

Saa nane na robo — moshi! Magharibi, upande wa Trev. Mweusi chini, kahawia juu. Redio ya kuongelea na majirani haikai kimya. Trev anasema moto umeingia kwenye mabua ya ngano na unawaelekea kondoo wake, mia sita, wako kwenye kona ya kusini. Gari la zimamoto liko kwenye moto mwingine. Dakika arobaini hadi lifike.

Sikufikiri. Naandika hivyo, lakini nilifikiri, ni kwamba tu haikuchukua muda.

Nimeirudisha Holden kinyumenyume chini ya tangi. Peke yangu, hakuna wa kunielekeza. Nimekosea kidogo. Mguu wa chuma umekwaruza ubavu, kuanzia mlangoni hadi taa ya nyuma. Sauti ile! Nimesimama sekunde moja. Mbili labda. Kisha nikalishusha tangi na kufunga minyororo. Pampu nimeijaribu, imewaka mvuto wa kwanza.

Sasa maji yanaingia. Lita mia nne, dakika kumi na moja. Naandika juu ya boneti maana mikono haina kazi nyingine. Springi zimeshuka. Imekalia nyuma, pua juu kidogo. Sijawahi kuiona imekaa hivi tangu nizaliwe — tangu izaliwe yenyewe, nataka kusema. Imependeza, Baba. Kuliko Jumatano.

Kirsty kapiga simu, kasikia habari ya moto. Anataka niahidi nitafunga madirisha na kubaki ndani. Nimeahidi. Madirisha ya gari nitayafunga, na nitabaki ndani yake. Naogopa, ndiyo. Nimewahi kuogopa zaidi, mbele ya ile keki.

Redioni Trev anauliza nani aliye karibu ana maji. Hakuna aliyejibu. Kauliza tena, sauti imepanda. Nikabonyeza: mimi. Akasema, dada, si gari lako liko gereji?

Nimemwambia afungue geti la kusini, aache maneno.

Lita mia tatu na hamsini. Zinatosha. Nachomoa mpira wa maji, naondoka.