Kifundo Kwenye Kumi

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Makala yangu imetoka. Nimeisoma tena kwa sauti jikoni. Kali! Yasiin hana pa kujificha. Mtu ana studio Old Kampala, anakodisha vyombo vya muziki kwa nusu ya bendi za mji huu, halafu anatangaza kwamba amplifaya za vali, zile za zamani zenye taa za kioo ndani, ukizifungua mpaka gita lingurume, zote ni sauti moja. Eti mkwaruzo unameza kila kitu.

Nimemjibu. Amplifaya ya Kiingereza inabweka, sauti yake inatoka kooni. Ya Kimarekani inatoka kifuani, chini nzito kama geti la chuma, na juu kabisa kuna unga wa kioo. Asiyesikia tofauti hiyo aweke gita chini akauze viatu sokoni Nakivubo.

Mchana Yasiin akapiga simu, anacheka. Jumamosi, Madamu, akasema. Amplifaya zote mbili nyuma ya shuka, Obwona wa bendi yangu apige gita, mimi nitaje ipi ni ipi. Wasomaji wangu waje waone. Nikakubali kabla hajamaliza.

Kitu kimoja. Huo "unga wa kioo" niliuchukua kwenye makala yangu ya zamani. Nimejaribu kukumbuka ni lini niliusikia mara ya mwisho. — Nimechoka tu.

Jumatano, 10 Septemba

Niandike taratibu.

Tulikwenda studio kuzijaribu. Mimi, Yasiin, na Obwona, ambaye tumepiga muziki pamoja tangu tukiwa watoto wa kambi ya polisi. Nilikuwa nimeiinamia ile ya Kimarekani, naipandisha sauti. Ghafla Yasiin akaziba masikio. Obwona akaruka kuchomoa waya ukutani. Hata mama wa chapati ng'ambo ya barabara aliinua uso kuangalia dirisha letu.

Mimi nilisikia mngurumo tu. Wa kawaida! Nikadhani wananifanyia vichekesho, nikawatukana wote wawili.

Yasiin hakucheka. Akasema vali imechoka, imepiga mluzi. "Mluzi ya kutoboa kichwa, Madamu. Wewe ndiyo ulikuwa karibu."

"Nimezoea," nikasema.

Nimezoea! Ndivyo nilivyosema. Na nikaendelea kuwafundisha habari za vali mpaka wakaacha kunitazama.

Nyumbani nikatafuta kwenye simu ile milio ya kupima masikio, inayopanda nyembamba, nyembamba. Nikaisikia, nikaisikia, ikaisha. Nikaweka simu mezani. Aol, mdogo wangu, akaita kutoka chumba cha pili: nizime kitu hicho, kinamuuma mpaka kwenye meno.

Kumbe kilikuwa bado kinalia.

Alhamisi, 11 Septemba

Sijalala vizuri. Baba yangu alipiga tarumbeta bendi ya polisi. Alipostaafu, masikio yakiwa yamekufa, alikaa sebuleni na wageni, akicheka wakicheka. Siku moja walikuwa wanajadili, mbele yake, nani atamtunza. Akacheka. Yeye aliyekuwa akimsimamisha inspekta kwa neno moja! Hakuna aliyebishana naye tena. Ubishi wenyewe ulimtoka, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Hilo ndilo ninaloliogopa. Uziwi wenyewe ningeuvumilia. Ni ile heshima ya kutikisiwa kichwa na kupewa chai.

Nimemfuata Obwona sokoni Ggaba, alikuwa ananunua samaki. Nikamwambia yote. Aliendelea kuchagua sangara, anabonyeza macho yao kwa kidole. Kisha akaniuliza kama naijua amplifaya yangu mwenyewe, kile kifundo cha trebo, cha sauti nyembamba, kiko kwenye namba ngapi.

Nikasema kwenye sita. Siku zote sita.

"Kiko kumi, Mama Jasper. Mwaka mzima. Kabla ya hapo ilikuwa tisa."

Nikamuuliza kwa nini hawakusema. Akanikumbusha makala niliyoandika kuitetea sauti yangu: kwamba muziki laini ni usingizi, kwamba gita lazima liumize. Walidhani ni msimamo. Mpiga ngoma wetu anaweka pamba masikioni kabla sijafika. Wanapenda kazi, akasema, lakini nani ataanza kubishana na wewe?

Watu walivumilia kelele zile kwa sababu ya hoja zangu. Hoja ilikuwa sikio bovu!

Halafu akaniambia, kwa sauti ya chini, nikalazimika kumtazama midomo: Jumamosi yeye ndiye anapiga. Kabla ya ile ya Kiingereza atakohoa. Mara moja tu. Nani atajua?

Nilimfokea mbele ya wauza samaki wote. Kwamba sijawahi kununua ushindi. Kwamba ananihurumia. Mwanamke mmoja akasema, "Bambi, masikini, mpunguzie bei!" Walicheka. Obwona pia. Mimi nikageuka, nikaondoka.

Ijumaa, 12 Septemba

Naweza kughairi. Homa. Msiba. Nimeandika ujumbe kwa Yasiin, nikafuta. Nimeandika tena, nikafuta.

Niende kwa daktari? Akisema ni tatizo dogo, sitamwamini. Akisema ni kubwa, nitamwamini.

Jumamosi, 13 Septemba

Studio. Wamejaa mpaka kwenye ngazi. Nusu wamenisoma, nusu wamekuja kuniona naanguka. Shuka ya maua, ya mke wa Yasiin. Nyuma yake amplifaya mbili na Obwona. Sheria: baada ya sauti mbili niandike jibu, Yasiin alisome mbele ya watu. Nimetoa daftari hili. Wanadhani naandika jibu.

Yasiin alinikaribisha kwa kiti, Madamu, kaa hapa mbele. Akaniletea chai. Sikuigusa.

Sauti ya kwanza imepita. Nzito. Nene. Nikasubiri unga wa kioo. Ukuta! Kama kusikiliza bendi ukiwa nje ya ukumbi, mlango umefungwa. Ya pili: vilevile. Labda kidogo kooni. Labda. Msichana wa mstari wa mbele alitabasamu kwa ya pili, kama mtu aliyemtambua rafiki. Amesikia nini?

Nimeomba warudie. Yasiin hakubisha, na hilo ndilo limenitisha zaidi. Miaka yote hii hajawahi kunikubalia kitu bila kubisha. Anajua. Amejua tangu Jumatano. Ananitikisia kichwa, polepole, kama wageni walivyomtikisia baba.

Wamerudia. Ya kwanza — geti, ukuta. Obwona anabadilisha waya. Kisha ya pili.

Jasho linadondokea karatasi. Yasiin amenyoosha mkono, anasubiri jibu. Watu wamenyamaza, au mimi ndiye nisiyewasikia.

Kati ya ile ya kwanza na ya pili, nyuma ya shuka, mtu amekohoa. Mara moja tu.

Kikohozi hicho nimekisikia vizuri sana.