Kijiti cha Afya cha Banitsa ya Mama Raina

KIKUNDI CHA WAOKAJI WA KAKUMA
Kikao cha Jumamosi, tarehe 17 Januari 1976, jikoni kwa kikundi.

Mwandishi ni Katibu, Shadrack Lomuria, mtu aliyekula Kampala na kulala Mombasa, na ambaye Mwaka Mpya huu alipata kijiti cha afya katika kipande chake cha banitsa, andazi la Kibulgaria. Tangu siku hiyo hata malaria ikimwona inavuka barabara. Mwenye bahati kama hii hayuko kutoka Kakuma mpaka Kalokol.

Waliohudhuria: Bi. Mugure (Mwenyekiti), Bw. Kipkemboi mwenye duka, Akai mwokaji, Katibu, na wanachama wengine sita.
Asiyekuwepo: Mama Raina, nesi Mbulgaria, mwalimu wetu wa kuoka. Amelazwa Lodwar.

KUMB. NA. 1/76: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa sala. Sala ilikuwa fupi, akaingia moja kwa moja kwenye habari za Lodwar.

KUMB. NA. 2/76: HALI YA MAMA RAINA
Mwenyekiti alieleza kwamba alirudi jana na lori la mahindi. Mama Raina hali chakula, na wodini wamesema watu wajiandae. Mgonjwa aliuliza jambo moja tu: kijiti cha afya kilimwangukia nani. Alipoambiwa ni Katibu, alitabasamu, akaomba aazimwe akishike. Kwao, mgonjwa hushikishwa hicho mkononi.

KUMB. NA. 3/76: MALALAMIKO KUHUSU SINIA
Ilikumbushwa kwamba banitsa ya Mwaka Mpya, ile ya matabaka membamba na jibini ya maziwa ya mbuzi, hutiwa vijiti vyenye alama: afya, safari, mali. Sinia huzungushwa, na kipande kinachosimama mbele yako ndicho chako. Kimoja huachwa kwa ajili ya nyumba, hakiliwi na mtu.

Bw. Kipkemboi alisema Akai aliisimamisha sinia kwa mkono. Mama Raina alipata safari, "na sasa tunaona ni safari gani," ilhali Katibu, mwenye nguvu za punda, alipewa afya.

Akai alijibu kwamba hakuigusa, na kwamba kijiti cha afya kilibaki ndani ya kipande cha nyumba, ambacho mbuzi wa Bw. Kipkemboi aliingia akakila. "Muulize mbuzi wako, baba."

Bw. Kipkemboi alisema, "Mbuzi wangu hana kijiti. Katibu anacho, kila siku anatuonyesha."

Akai alimtazama Katibu. Katibu alinyamaza. Mwenyekiti aliomba jambo hilo liandikwe, kwa kuwa halijawahi kutokea.

KUMB. NA. 4/76: MAAZIMIO
Iliamuliwa kwamba Akai asiguse tena sinia ya kikundi. Akai alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya tanuri, akabaki amesimama hapo hapo kama mgeni.

Iliamuliwa pia kwamba unga wote wa ngano uliobaki uokwe banitsa leo, na Katibu aipeleke Lodwar kwa lori la kesho, pamoja na kijiti chake. Mwenyekiti alimwambia, "Kitunze, Lomuria. Hicho tu ndicho anachokingoja." Wanachama walimpa Katibu mkono mmoja mmoja.

KUMB. NA. 5/76: KUFUNGA
Hakuna aliyekuwa na neno lingine. Watu walitawanyika saa kumi na moja jioni.

Mwenyekiti: (tafadhali mama, soma hapa chini kabla ya kutia sahihi)
Katibu: S. Lomuria

Akai arudishiwe aproni yake, na banitsa aioke yeye, maana hakuna mwingine anayeijua. Lodwar nitakwenda, na Mama Raina nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimekaa karibu na kitanda. Kipande changu hakikuwa na kitu. Hiki cha mfukoni ni kipande cha mswaki wangu wa mti, alama niliichonga mimi.