Mama, Nifanye Lipi na Jicho Hili

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kukuambia jambo lolote bila kukuamkia kwanza. Wenzangu wamekwenda kula. Nimebaki peke yangu hapa ofisini Mbulu, ukungu umekaa dirishani tangu asubuhi, na nimeinuka kitini mara nyingi kuliko nilivyoandika. Kesho kutwa lori la misheni linapita kwenda hospitali. Daktari anataka nikifika niwe nimekwisha kuchagua. Nimechagua na kubadili, nimechagua na kubadili. Ndiyo maana nakuandikia.

Ni lile jicho la kushoto. Unalijua kuliko mimi. Kila asubuhi, tangu nikiwa mdogo hata nilipokwisha kuajiriwa na kuja nyumbani likizo, uliniketisha mlangoni penye mwanga, ukachovya kitambaa katika maji ya moto, ukaniwekea pembeni mwa pua. Kisha kidole gumba chako kikakandamiza kutoka juu kwenda chini, polepole, mpaka usaha utoke. "Usikunje uso," ulikuwa ukisema, "unanificha kazi yangu." Mikono yako ilinuka moshi na maziwa. Sasa najikamua mwenyewe mbele ya kioo kidogo cha kunyolea. Ama nakandamiza mno, ama naogopa na kuacha nusu. Si kazi ya mtu kujifanyia.

Nikuambie yaliyotokea. Tulipokuzika pale Maretadu, watu waliniona nikitokwa na machozi upande mmoja. Sikuwa nalia, Mama. Siku ile kulia kulinikataa. Lilikuwa jicho tu, na upepo. Mjomba, kaka yako, akanisogelea akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Karani, mbona unamlilia dada yangu kwa jicho moja? Lingine umeliacha bomani?" Watu wakacheka pale pale kaburini, kisha wakaona aibu. Nilimchukia. Nilimchukia mpaka juzi.

Kisha tukakaa kando kwa msiba wako, kama ilivyo desturi yetu: hatukuingia kwa watu, wala watu hawakuingia kwetu. Daktari akapita Mbulu siku hizo hizo, nami sikuweza kwenda. Sikulaumu wewe, wala desturi. Lakini ndipo pembe ya jicho ilipovimba ikawa nyekundu, inang'aa, nikashindwa kulala na kutafuna. Msiba ulipokwisha nilipelekwa hospitali, nikapigwa sindano za penisilini hadi uvimbe ukapoa.

Baadaye daktari alijaribu kupitisha kisindano chembamba katika mrija wa machozi, ule unaoyashusha kutoka jichoni kwenda puani. Kikagonga mahali, kikakataa. Akaniambia mrija umeziba kabisa, na usaha unakaa katika kifuko kilicho hapa, kati ya jicho na pua. Siku moja jani la muhindi likinikwaruza mboni, usaha huo unaweza kulila jicho lote. Hatuwezi kuliacha hivi hivi, alisema. Ziko njia mbili.

Ya kwanza ni kukitoa kifuko chenyewe. Panakatwa padogo, kinatolewa, panashonwa. Haichukui muda, damu si nyingi, na usaha haurudi. Lakini machozi hayatakuwa na pa kwenda. Jicho litatiririka maisha yangu yote. Ya pili ni kukiacha kifuko na kuutoboa mfupa wa pua kwa patasi ndogo, ili kifuko kimwage moja kwa moja puani. Ikifaulu, jicho litakauka kama la watu wengine. Ila kazi ni ndefu, na mgonjwa yuko macho, amechomwa ganzi tu. Anasikia patasi inavyogonga. Pua inaweza kutoka damu usiku. Na tundu lenyewe linaweza kujiziba baada ya miezi, nirudi pale pale nilipokuwa.

"Moja ni kuliondoa bwawa," alisema, "nyingine ni kulichimbia mfereji."

Nikamwuliza yeye angechagua ipi. Akasema, "Jicho si langu." Mama, shuleni nilifundishwa kujibu maswali yenye jibu moja.

Tangu hapo situlii. Asubuhi nataka kifuko kitolewe, yaishe. Nikifika ofisini tone likaangukia hati za baraza, wino ukatawanyika, karani mkuu akashusha ile pumzi yake ndefu, hapo nataka tundu. Nikikumbuka patasi, nataka kifuko tena. Tarishi wa ofisi ameniuliza kama nina minyoo, kwa jinsi ninavyotoka na kuingia.

Nilikwenda hata Dongobesh kumwona Mzee Salimu mwenye duka, yule uliyekuwa ukimwuzia samli. Yeye alitolewa kifuko zamani. Alinipokea vizuri, kitambaa begani, na kila baada ya maneno machache alijipangusa. "Mimi, mwanangu, nalia hata siku ya faida," akaniambia. "Wateja wananihurumia, wanaacha kubishana bei." Akacheka sana. Lakini nilipokuwa naaga alisema polepole kwamba wakati wa baridi ngozi ya shavu humchubuka, na wajukuu humwuliza nani amempiga. Kisha akanishika mkono: "Ila usaha haujarudi. Hilo nalo ulitie kwenye mizani."

Na kule hospitali nilimwona mama mmoja wa wafugaji, kutoka Basotu, aliyetobolewa. Kovu lake jembamba kama uzi. Daktari alimdondoshea dawa chungu jichoni, na baada ya kitambo yule mama akakunja uso, akatema mate: ameionja kooni. Njia iko wazi. Chumba kizima kilifurahia kutema kule! Mimi nikauliza habari za damu. Akasema ilimtoka usiku kucha, na dada yake alikaa kitandani akimbana pua mpaka kulipokucha.

Dada yake. Hapo ndipo nilipokwama. Daktari naye aliniuliza nani atakaa nami, maana wauguzi ni wachache. Nikasema nitatafuta. Nitafute wapi? Baba alikutangulia, dada zangu wameolewa mbali na wana watoto mgongoni. Nikaona kwamba nilipokuwa napima bwawa na mfereji, nilikuwa napima jambo hilo tu. Kutolewa kifuko, mtu anaweza kwenda peke yake. Basi nikaamua kifuko.

Juzi Mjomba akaja Mbulu na maharage yake. Sikukusudia kumwambia, nikamwambia yote.

"Yaani machozi yapite puani?" akasema. "Basi ukifiwa utalia kamasi."

Nikainuka niondoke. Akanishika mkono wa shati. "Kaa, Karani. Nani anakaa nawe huko?"

Nikaanza kufunga mdomo wa gunia lake la maharage.

"Nimekesha na ng'ombe wanaozaa vibaya, mkono umo ndani hadi kwenye bega. Nishindwe na pua ya mtoto wa dada yangu?" Kisha akaangalia upande wa sokoni, kama anayetafuta mtu. "Siku ile kaburini," akasema, "nilitaka watu wakutazame wewe, wasinitazame mimi."

Nilimwagizia chai, akaikoroga mpaka ikapoa.

Kwa hiyo ni tundu, Mama. Nimeliandika. Naiogopa patasi. Na liko jambo jingine, siwezi kumwambia daktari wala Mjomba. Jicho likipona, hapatakuwa na kitu cha kukamua. Hakuna atakayekuwa na sababu ya kupagusa tena mahali pale. Nimejikuta nikitaka libaki baya kidogo, lile ulilolijua wewe. Ni upumbavu, najua, ungenipiga kofi. Lakini nalo limo katika kubadilibadili kwangu, na wewe sikufichi.

Nasikia wenzangu wanarudi, wanacheka ngazini. Nimalizie.

Tundu likijiziba, nitarudi wakakitoe kifuko, nami nitajipangusa kama Mzee Salimu mpaka uzeeni. Sitaliacha lioze kwa sababu ya woga. Hilo nakuahidi. Na jingine dogo, ambalo kwangu ni gumu zaidi: lori likija nitapanda kabla Mjomba hajaniita mara ya pili.

Pumzika, Mama. Kazi yako uliifanya vizuri.

Mwanao