Kiswahili cha Jasim

Doha, Ijumaa

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako je? Naomba Mungu barua hii ikukute unasujudu bila kushikilia kiti. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na wa kumwambia sina ila wewe. Barua anakuja nayo Mbaruku, dereva wa nyumba ya jirani, anayerudi Tanga likizo. Naandika kwa sababu simu yangu anakaa nayo Madam, na kisa chake utakipata humu. Mwambie mjukuu wako Rukia akikusomea asirukeruke.

Uliniuliza Ulaya kukoje. Mama, Vienna ni mji mzuri, ila mimi nimeuona kutoka nyuma ya kigari cha mtoto wa Madam. Barabara za katikati zimetandikwa mawe, magurudumu yanakwama, na Jasim akichoka kukaa anajipinda mpaka umshushe. Wenyewe wakipanda mnara, mimi naye tunabaki chini na njiwa. Vitu ambavyo watu wamevuka bahari kuja kuvitazama, yeye alivipita amelala. Alichopenda ni farasi wanaovuta magari ya watalii. Akiwaita punda. Nikamwambia, hawa ni farasi. Akafikiri, akasema, “Punda wakubwa.” Nilicheka mpaka nikasahau uchovu.

Unajua nilimpokea hajatimiza arobaini. Hakuna aliyeniambia nimsemeshe lugha gani, na mtoto mchanga unamsemesha kwa ulimi unaokuja wenyewe. Nilimwogesha kwa Kiswahili, nikambembeleza kwa Kiswahili. Jina langu, Mwanaidi, hakuliweza, akaniita Mwana. Kiarabu alikisikia kwa wazazi wakati wa chakula, kisha nampandisha kulala. Sasa anakaribia miaka mitatu, na nyumba nzima ilikuwa ikisikitika kwamba amechelewa kusema. Niliwahi kumwambia Madam kuwa anasema, tena sana. Akadhani namfariji.

Siku moja tukaenda kwenye bustani ya jumba la wafalme wao wa zamani. Madam akanituma garini nikalete nguo za kumbadilisha Jasim. Yeye akabaki amemshika mkono. Niliporudi nilimkuta amesimama na simu aliyokuwa akipigia picha. Mtoto hayupo. Tulikimbia, mama. Bustani ile ina miti iliyokatwa ikawa kama kuta. Ukikunja kona unakuta njia nyingine kama ile uliyotoka. Madam anaita huku analia, nami naita, na mawazo yangu yote yako kwenye bwawa tulilolipita.

Mlinzi akatuchukua mpaka kibanda cha langoni. Jasim alikuwa benchini, kamasi mpaka kidevuni, mzima. Kwa kuwa sura yake ni ya Kiarabu, walikuwa wamemwita mama mmoja wa Kisiria anayefanya usafi pale, azungumze naye. Alikuwa amemuuliza jina, amemuuliza mama yake yuko wapi, na mtoto anamjibu maneno asiyoyajua. Madam akaingia, akanyoosha mikono. Jasim akashuka benchini, akampita, akanikumbatia magoti.

“Mwana,” akasema, “nimewaambia nakutaka wewe. Hawasikii.”

Yule mama wa Kisiria akatutazama sote, kisha akamuuliza Madam kwa Kiarabu, kwa upole kabisa, “Samahani dada, mtoto huyu ni wako?”

Hakukusudia ubaya. Lakini niliuona uso wa Madam, nikajua yangu yamekwisha. Hakunipiga wala hakunitukana. Hotelini aliniuliza jambo moja tu: mtoto alisema nini pale? Nikamwambia ukweli. Akageukia dirishani, akalia bila sauti. Nilimwonea huruma, mama, maana angekuwa wangu nami ningelia vile vile.

Tangu turudi Doha nimekatazwa kumsemesha Jasim. Si Kiswahili tu. Nisimwambie neno lolote, mpaka Kiarabu kimwingie. Ameletwa yaya wa Kimisri, mtu mwema. Mimi nimewekwa chumba cha kufulia, na simu ikachukuliwa, mtoto asije akanisikia nikiongea na nyinyi. Mwanzoni alikuwa akinifuata. Anasimama mlangoni ananieleza mambo yake yote, nami napiga pasi nimeinama, kamera iko juu yangu. Juzi akaniuliza, “Mwana, huna mdomo?” Nikaendelea kukunja mashuka. Akasubiri. Mtoto wa umri ule hajui kusubiri, lakini alisubiri. Kisha akaenda zake, na mlangoni hajarudi tena. Yaya ananiambia sasa hasemi lugha yoyote. Akitaka maji anaonyesha kidole.

Utaniambia nirudi nyumbani. Mkataba wenyewe haujaisha. Na hata ukiisha, nitamwacha akiamini kwamba nilimnunia, na hakuna atakayemweleza vingine. Nikilala nalifikiria hilo, nikiamka nalikuta limenisubiri.

Nisalimie mjomba Hatibu, ndugu yako, na shangazi Mwajuma aliyenisindikiza mpaka stendi kwa dua. Rukia namjua, hapa amekwisha kulia. Mpe maji kwanza, kisha amalizie.

Ni mimi mwanao Mwanaidi, ambaye Kiswahili chake chote cha leo kimeishia kwenye karatasi hii.